Gundi Iliyolegea Juu ya Barabara ya Boston

Mwaka 1999, mafundi waliokuwa wakijenga handaki la barabara kuu ya I-90 mjini Boston, Marekani, waliona baadhi ya vyuma vilivyogandishwa kwa epoksi kwenye paa vimeanza kuchomoka. Vyuma hivyo ndivyo vilivyobeba dari nzito ya zege. Vikabadilishwa, vikavutwa kwa nguvu kwa muda mfupi ili kupimwa, vikashika. Kazi ikaendelea, na mwaka 2003 magari yakaanza kupita.

Usiku wa tarehe 10 Julai 2006, zege ya takriban tani 26 iliporomokea gari moja. Mwanamke aliyekuwa ndani alifariki. Mumewe akatoka hai.

Ripoti ya wachunguzi wa usalama wa usafiri ilitoka Julai 2007. Epoksi iliyotumika ilikuwa ya aina inayokauka haraka, na aina hiyo ikibebeshwa mzigo usiku na mchana hulegea kidogo kidogo, kwa sababu molekuli zake ndefu huzidi kujipanga upya na kusogea kufuata mzigo. Jaribio la muda mfupi haliwezi kuuona mwendo huo. Chuma kilichofaulu mtihani asubuhi kilikuwa tayari kimeanza safari ya kushuka, na baada ya handaki kufunguliwa hapakuwa na ukaguzi wa mara kwa mara wa kuigundua.

Kinachoniuma ni kwamba elimu ilikuwepo. Tangu miaka ya 1940, mhandisi William Findley alikuwa akipima jinsi plastiki, ambazo ni jamii moja na epoksi, zinavyorefuka chini ya mzigo wa kudumu, zikiwemo zile zilizotengenezwa kwa matabaka ya turubai na utomvu wa viwandani. Akiwa Chuo Kikuu cha Brown aliendesha jaribio la PVC na polithini kwa miaka 26, akachapisha matokeo mwaka 1987: kanuni fupi ya hesabu iliyotokana na vipimo vya miezi ya mwanzo ilikuwa bado inakaribia ukweli. Wanaosanifu mihimili ya faibaglasi wanaitumia hadi leo. Subira ya namna hiyo ni nadra, nami naihesabu kuwa kazi kubwa kuliko uvumbuzi mwingi uliosifiwa.

Mwaka 2011, kanuni za ujenzi wa zege za Marekani ziliweka masharti ya vyuma vya gundi: mzigo wa kudumu usizidi asilimia 55 ya uwezo wa gundi uliokubaliwa katika usanifu, na fundi anayevifunga juu ya vichwa vya watu awe na cheti cha kazi hiyo.