Umefunga Akaunti, Mbona Bado Unakatwa Pesa?

Shangazi yangu alifunga akaunti yake katika duka moja la mtandaoni la ng'ambo. Akatumiwa barua pepe ya kumuaga, tena yenye maneno matamu. Miezi miwili baadaye, kadi yake ikakatwa ada ya mwaka mzima. Alipolalamika, duka likajibu kwamba alifunga akaunti ya ununuzi lakini hakusitisha uanachama. Benki nayo ikamwuliza swali moja tu: je, mwanzoni ulikubali? Ndiyo, alikubali. Basi akanipigia simu, maana katika ukoo wetu kila kitu chenye waya ni kazi yangu. "Mwanangu, mgeni akishaondoka kwako, unaendelea kumdai chakula?"

Swali zuri hilo. Jibu lake lina umri wa karibu miaka 100, na halikuanzia kwenye tarakilishi. Lilianzia kwenye vitabu.

Mwaka 1926, jijini New York, Harry Scherman na wenzake walianzisha Book-of-the-Month Club. Jopo la waamuzi lilichagua kitabu kimoja kila mwezi, na klabu ikakipeleka kwa wanachama kwa njia ya posta. Cha kwanza kilikuwa Lolly Willowes cha Sylvia Townsend Warner, nacho kilitumwa kwa wanachama 4,750. Wengi walikirudisha. Ndipo klabu ikaanza kutuma taarifa kwanza, pamoja na fomu. Ukikitaka kitabu, usifanye lolote. Usipokitaka, jaza fomu uirudishe kabla ya tarehe fulani. Ukisahau, kitabu kinakuja na bili inakuja.

Wahenga walisema kimya kina mshindo mkuu. Klabu hii iligeuza kimya kuwa oda. Mwaka 1955 kampuni ya Columbia ikaanzisha klabu ya santuri kwa mtindo huohuo, na Wamarekani wengi wakajikuta wanadaiwa muziki wasioutaka.

Malalamiko yalirundikana mpaka mwaka 1973, Tume ya Biashara ya Marekani, FTC, ilipotunga kanuni. Mteja apewe angalau siku 10 za kukataa. Akishanunua idadi aliyoahidi, awe huru kujitoa wakati wowote. Lakini kanuni ile ilihusu tu mipango ya kutuma taarifa kabla ya kila bidhaa. Uanachama unaojihuisha wenyewe mwaka hadi mwaka ulibaki nje.

Mwaka 1974 Marekani ilipitisha sheria iliyompa mwenye kadi ya mkopo haki ya kupinga bili yenye kosa, kwa maandishi, ndani ya siku 60. Ni sheria muhimu sana. Ila ona pale ilipomkwamisha mtu kama shangazi: ugomvi wa namna hii hutegemea kama uliidhinisha malipo. Duka hutoa kumbukumbu kwamba tarehe fulani, saa fulani, ulitia alama kwenye kisanduku. Idhini yako ina ushahidi, lakini kuondoka kwako mara nyingi hakuna.

Sasa niruhusuni nieleze kwa lugha ya kazi yangu. Katika maduka mengi, akaunti yako ni mstari mmoja ndani ya hifadhidata ya duka: jina, anwani, nywila. Ruhusa ya kukukata pesa inakaa mahali pengine kabisa, mara nyingi kwenye seva ya kampuni nyingine inayoshughulikia malipo. Kule kuna tokeni inayowakilisha kadi yako, kiasi, na tarehe ya kukata tena. Ukifunga akaunti, ule mstari wa kwanza unaandikwa "imefungwa". Tarehe ikifika, programu ya malipo inaamka na kukata. Haijui kwamba ulishaaga. Hakuna aliyeiambia.

Je, ni hila? Mara nyingine ndiyo. Mara nyingine ni programa aliyesahau. Nalijua hilo kwa sababu mimi mwenyewe niliwahi kuandika kitufe cha kufunga akaunti ambacho hakikusimamisha malipo. Wateja watatu walikatwa kabla ya mmoja kupiga kelele. Jambo lililonisumbua ni hili: kama kitufe kile kingekosea upande wa pili, yaani kishindwe kuwakata wanaodaiwa, bosi angekuwa mezani kwangu siku hiyohiyo. Kosa linaloiumiza kampuni lina king'ora. Kosa linalomuumiza mteja humngoja mteja aamke.

Na usidhani kubadilisha kadi ni dawa. Visa na Mastercard zina huduma za kuwapa wafanyabiashara waliojiandikisha namba mpya ya kadi pale benki inapokupa nyingine. Huduma hizo zinasaidia bima yako isikatike. Zinausaidia pia uanachama uliodhani umeufia.

Intaneti ilipokua, mambo yalizidi. Mwaka 2009 kamati ya Seneti ya Marekani chini ya Seneta John D. Rockefeller IV ilichunguza kampuni tatu zilizokuwa zikimnasa mnunuzi akiwa anamaliza kulipa. Ukibofya tangazo la punguzo, duka linaikabidhi namba ya kadi yako kwa kampuni ambayo hujawahi kuisikia, nayo inaanza kukukata kila mwezi. Biashara hiyo ilikuwa imeingiza zaidi ya dola bilioni 1.4. Desemba 2010 ikapitishwa sheria iitwayo ROSCA: masharti yaelezwe wazi kabla ya kuchukua namba ya kadi, mteja akubali waziwazi, na awepo na njia rahisi ya kusimamisha malipo.

Rahisi kwa kipimo cha nani? Juni 2023 FTC iliishtaki Amazon kuhusu uanachama wa Prime. Njia ya kujitoa ilikuwa na kurasa 4, mibofyo 6 na chaguo 15, na ndani ya kampuni iliitwa Iliad, jina la utenzi wa Kigiriki kuhusu vita virefu vya Troy. Septemba 2025 Amazon ilikubali kulipa dola bilioni 2.5, kati yake bilioni 1.5 za kuwarudishia wateja, bila kukiri kosa. Miezi miwili kabla ya hapo, mahakama ya rufaa ilikuwa imeifuta kanuni mpya ya FTC ya kutaka kujitoa kuwe rahisi kama kujiunga. Sababu ilikuwa ya utaratibu: tume iliruka hatua ya kuchambua gharama. ROSCA yenyewe ilibaki.

Sisi Wakenya tulichelewa kuijua shida hii, na sababu ni M-Pesa. Ilipoanza mwaka 2007, pesa haikutoka mpaka wewe mwenyewe uandike namba ya siri. Mlipaji anasukuma. Kwenye kadi, muuzaji ndiye anayevuta. Tangu M-Pesa ilipoanza kutoa kadi ya Visa ya mtandaoni mwaka 2022, nasi tumeingia kwenye ulimwengu wa kuvutwa.

Kwa hiyo fuata mpangilio huu. Kwanza sitisha uanachama. Pili piga picha ya ukurasa wa uthibitisho. Tatu ondoa kadi. Akaunti ifungwe mwisho, maana ukishaifunga huna tena mlango wa kuingilia kuyafanya hayo mengine.

Shangazi alirudishiwa pesa zake safari ya pili, kwa sababu ile barua pepe ya kumuaga hakuifuta. Na nyinyi maprograma wenzangu, nendeni leo mkaangalie kitufe chenu cha kufunga akaunti kinamwambia nani. Mimi changu nilikirekebisha, ila nilisubiri mpaka mtu alie.