Nukta nyingi, mpira wenye mkia: historia fupi ya tele kubwa

Siye vijana wane tuliomaliza masomo tulichanga feza, tukanunua tele kubwa ya 4K ili tuonyeshe mechi kwa malipo. Muuzaji alituhesabia nukta: 3840 kwa 2160, zaidi ya milioni 8. Picha ikisimama, unaona mpaka majani ya uwanja. Mpira ukikimbia, unaota mkia. Mzee mmoja akatuuliza: « Njo ukungu huu munatulipisha? » Kesho yake hakurudia.

Swali lake njo limenisukuma kwenye historia.

Ekra ya plasma ilizaliwa mwaka 1964 kwenye Chuo Kikuu cha Illinois, Marekani. Donald Bitzer, Gene Slottow na Robert Willson walitafuta ekra ya kompyuta ya kufundishia, hawakuwaza mechi wala sinema. Mwaka 1997 hivi, tele za plasma za inchi 42 ziliingia sokoni na nukta 852 kwa 480 tu. Kisha LCD ikaja kushindana nayo, na kwenye karatoni kukaandikwa namba moja kubwa: 1920 kwa 1080.

Lakini namba ile inapima picha iliyosimama. Tufanye hesabu. Mpira ukivuka nukta 1920 kwa sekunde 2, unapita nukta 960 kila sekunde. LCD yenye kubadilisha picha mara 60 kwa sekunde inauruka nukta 16 kila mara, na picha inabaki imewaka mpaka ingine ije. Jicho lako halisimami, linafuata mpira. Kwa hiyo picha inajipaka ndani ya jicho. Ukungu: nukta 16. Kwenye 4K unakuwa nukta 32, maana yake upana ule ule! Plasma iliwasha nukta kwa mapigo mafupi, njo maana mpira ulibaki safi zaidi.

Sasa mbona ilikufa? Ilikula umeme, ilikuwa nzito, ilipata joto, na kwenye duka lenye taa kali LCD iling'aa kuishinda. Panasonic ilitangaza mwisho wake 2013. Samsung na LG zikafuata 2014. Hata OLED ya leo, yenye weusi mzuri sana, inashika picha vilevile.

Watengenezaji wa LCD walijibu kwa njia mbili: kubuni picha za katikati ili zifike 100 ao 120 kwa sekunde, na kuzima taa kidogo kati ya picha na picha. Kumbe hata tele yetu iko na vyote viwili, vimefichwa ndani ya menyu. Tumeviwasha. Mkia umepunguka, haujaisha.

Siye wa agronomia tulipashwa kulijua mbele ya wote: mavuno yaliyoandikwa kwenye mfuko wa mbegu si mavuno ya shamba. Ukienda kununua, omba muuzaji aweke mechi, si picha ya maua. Na yule mzee, tunamutafuta arudie; mara hii ataingia bure.