Pokémon: kwa nini wenye viumbe wenye nguvu bado wanafungwa

Msikilizaji mmoja alituuliza swali ambalo hatukulimaliza hewani. Kijana wake anacheza Pokémon kwenye simu, amechagua viumbe wakali kuliko wote, na bado anafungwa karibu kila pambano. Sasa anaomba hela ya bando kila siku ili arudishe heshima. Anakosea wapi?

Kwa wasioujua, Pokémon ni mchezo wa video ulioanza Japani mwaka 1996. Unakusanya viumbe, unawafunza, kisha unawapambanisha na wa mwenzako. Kila kiumbe ana aina moja au mbili kati ya 18: moto, maji, majani, umeme na kadhalika. Maji yakipiga moto huumiza mara 2 ya kawaida, moto ukipiga maji huumiza nusu, na umeme ukipiga ardhi haufanyi kitu. Hayo mtoto huyashika kwa wiki moja, na wengi huishia hapo.

Tuangalie mashindano ya dunia ya mwaka 2014, yaliyofanyika Washington, Marekani. Pale pambano huwa ni wawili kwa wawili. Kila mchezaji anakuja na viumbe 6, anaonyeshwa 6 wa mwenzake, kisha anachagua 4 tu wa kuingia nao. Bingwa wa kundi la wakubwa alikuwa Se Jun Park wa Korea Kusini, na kikosini mwake alikuwamo Pachirisu, kindi mdogo mweupe wa umeme. Ukijumlisha nguvu zake zote za asili unapata 405, wakati vigogo kama Garchomp wana 600. Watu walimcheka.

Kindi huyo hakuletwa kuua. Pigo lake liitwalo Follow Me huwalazimisha wapinzani wampige yeye, na kumwacha mwenzake afanye kazi. Kikosi hicho kilikuwa na Gyarados, mnyama mkubwa wa majini anayeogopa umeme. Adui akirusha umeme kwa Gyarados, kindi anauvuta, na kwa kuwa mwili wake hunyonya umeme, anapona badala ya kuumia. Pigo lake la Super Fang hukata nusu ya uhai aliobaki nao adui, hata kama mpigaji ni dhaifu. Nuzzle humpoozesha adui na kumpunguzia kasi. Ila kuna mapigo yanayowapiga wote wawili kwa pamoja, na hayo Follow Me haiyavuti. Ndiyo maana anayemtumia lazima ajue adui amebeba nini kabla hajamwingiza.

Hapo ndipo wengi hukwama, kwenye kusoma mawazo ya mwenzako. Wachezaji wa bao wataelewa haraka, ingawa kuna tofauti moja kubwa. Kwenye bao unaona mwenzako amecheza nini, ndipo unacheza. Huku wote wawili mnachagua kwa siri kwa wakati mmoja, halafu mapigo yanatekelezwa, kwa kawaida mwenye kasi akitangulia.

Chukua mfano. Una kiumbe wa moto, mbele yako yupo wa majani. Mwenzako anajua utamchoma, basi anaweza kumtoa na kumwingiza wa maji, na moto wako unaumiza nusu tu. Mjuzi anayatarajia hayo na kurusha umeme, umpate wa maji anapoingia. Lakini je, kama mwenzako ametarajia kwamba utatarajia, akamwacha wa majani palepale? Umeme kwa majani nao huumiza nusu. Umepoteza zamu.

Wazoefu hujiuliza hivi: nikikosea, nitapoteza nini? Ukiwa unaongoza, piga lile pigo ambalo halikuumizi hata ukikosea. Kubahatisha kuache kwa wakati umezidiwa. Vijana wengi hufanya kinyume chake.

Kasi nayo inaweza kugeuzwa. Pigo la Trick Room hufanya wazito watangulie kwa zamu 5, na ghafla kikosi chako cha wakimbiaji kinakuwa cha mwisho. Dawa moja ni Protect, ngao ya zamu moja, ili muda huo upite. Usiitumie mara mbili mfululizo: katika matoleo ya karibuni, mara ya pili nafasi ya kufanikiwa hushuka hadi theluthi moja.

Kwa mzazi mwenzetu: kuna tovuti iitwayo Pokémon Showdown, inayofunguka kwenye kivinjari cha simu bila malipo na bila kupakua programu, ingawa maandishi yake ni ya Kiingereza. Pambano likiisha unaweza kulihifadhi na kuliangalia upya. Kabla ya kuandika makala haya nilijaribu mwenyewe, nikafungwa mara nne mfululizo. Nilipoyarudia, matatu kati ya hayo nilikuwa nimemtoa mapema kiumbe ambaye ningemhitaji mwishoni.

Basi mwambie kijana akifungwa asianze pambano jingine hapohapo. Alirudie lile, atafute zamu ambayo mambo yaligeuka, na aandike kwenye daftari alidhani mwenzake angefanya nini. Pia kati ya wale 6 wake, ajaribu kumtoa mkali mmoja na kumweka mmoja ambaye kazi yake ni kuwalinda wengine.