New York: Mambo ya kuyajua kabla ya kushuka Kennedy

Na Mwandishi Wetu

TANGU Oktoba 2018, Shirika la Ndege la Kenya lilipoanzisha safari ya moja kwa moja kutoka Nairobi hadi New York, msafiri wa Afrika Mashariki anaweza kulala angani usiku mmoja na kuamkia katika jiji lenye watu zaidi ya milioni nane. Lakini kuruka ndiko kwepesi. Fedha nyingi za wageni hupotea katika saa mbili za mwanzo, kati ya meza ya forodha na mlango wa hoteli.

Makala haya hayahusu viza. Masharti yake yamebadilika mara kadhaa tangu 2025, tena hutofautiana baina ya nchi na nchi za ukanda wetu. Ni vema kuuliza ubalozi wa Marekani kabla ya kulipia tiketi, wala si baada.

Abiria anapotoka tu katika ukumbi wa kuwasili wa Uwanja wa Ndege wa John F. Kennedy, hufuatwa na watu wanaonong'ona "teksi, teksi". Hao si wa kufuatwa, hata wakiwa na vitambulisho shingoni. Teksi halali ni za rangi ya njano, nazo husubiri nje kwa foleni inayosimamiwa. Nauli ya teksi hizo kutoka Kennedy hadi Manhattan ni ya mkupuo: dola 70. Kiasi hicho huongezewa tozo za serikali, ushuru wa daraja au njia ya chini ya mto na bakshishi ya dereva, hivyo jumla hukaribia dola 100. Anayekwenda Bronx au Brooklyn hulipa kwa mita.

Asiye na mizigo mizito atumie treni. Ile ya uwanjani humfikisha kituo cha Jamaica au Howard Beach kwa zaidi kidogo ya dola 8, na kutoka hapo hupanda treni ya jiji kwa dola 3. Hiyo ndiyo nauli tangu Januari 2026, uende kituo kimoja au uvuke jiji zima.

Kadi ya zamani ya MetroCard, ambayo bado imo katika vitabu vingi vya wageni, ilikoma kuuzwa mwisho wa 2025. Sasa abiria hugusisha kadi ya benki au simu getini, au kadi ya OMNY inayouzwa na mashine za vituoni, ambazo hupokea hata fedha taslimu. Anayetumia kadi ya benki ya nyumbani aulize kwanza benki yake hukata kiasi gani kwa malipo ya nje. Vilevile ashikilie kadi ileile wiki nzima, kwa kuwa matumizi yakifika dola 35 ndani ya siku saba, safari zinazofuata katika siku hizo hazilipiwi.

Treni hizo zilianza 1904, zina vituo 472 na hutembea usiku na mchana. Kinachowachanganya wageni ni mambo mawili. Kwanza, baadhi ya milango ya vituo hupeleka upande mmoja tu: "Uptown" ni kaskazini, "Downtown" ni kusini. Ukiingia mlango usio wako, huenda ukalipa tena. Pili, zipo treni zinazosimama kila kituo na zinazoruka vituo. Mwandishi wa makala haya aliwahi kupanda treni A kituo cha Mtaa wa 59 akielekea makumbusho ya viumbe asilia Mtaa wa 81, akajikuta Mtaa wa 125, Harlem, pasipo treni kusimama hata mara moja. Treni sahihi ilikuwa C. Na behewa likiwa tupu ilhali mengine yamejaa, usishangilie. Ama kiyoyozi kimeharibika, ama mna harufu.

Juu ya ardhi mambo ni mepesi. Sehemu kubwa ya Manhattan ilichorwa kwa mpango wa 1811: mitaa yenye namba hukata mashariki hadi magharibi, barabara kuu hukata kaskazini hadi kusini, na Fifth Avenue hugawa mashariki na magharibi. Namba 350 Mashariki na namba 350 Magharibi katika mtaa uleule zimepishana mwendo mrefu. Mitaa 20 kwenda kaskazini ni takriban kilomita moja na nusu.

Hatari kubwa zaidi, kwa maoni yetu, ni kuvuka barabara. Magari ya huko hupita kulia. Mtu aliyekulia Mombasa au Dar es Salaam hutazama kulia kwanza kwa mazoea ya maisha yake yote, na gari humjia kutoka kushoto.

Kuhusu fedha, shilingi ziachwe nyumbani. Maduka ya bureau de change ya kwetu hupenda noti za dola 100, lakini sheria ya New York ya 2020 inayolazimisha maduka kupokea fedha taslimu inawaruhusu kukataa noti inayozidi dola 20. Omba noti ndogo mapema. Bei iliyobandikwa si bei ya mwisho; kodi ya mauzo ya asilimia 8.875 huongezwa wakati wa kulipa. Nguo na viatu vilivyo chini ya dola 110 havitozwi kodi hiyo, kwa hiyo anayefika Januari anaweza kununua kofia na glavu hukohuko. Mgahawani, bakshishi ya asilimia 18 hadi 20 si hisani. Mhudumu huitegemea kama sehemu ya ujira wake.

Uangalifu unahitajika katika malazi. Tangu Septemba 2023 jiji husimamia kwa ukali sheria ya kupangisha nyumba kwa muda usiofika siku 30: mwenyeji awe amesajiliwa, akae humohumo, na wageni wasizidi wawili. Tangazo la intaneti linalokuahidi nyumba nzima kwa siku tano, tena kwa bei ya kutupa, litiliwe shaka kabla hujatuma senti.

Umeme ni volti 120, na plagi zetu za miguu mitatu haziingii. Maji ya bomba hunyweka. Choo safi cha bure kipo Bryant Park, Mtaa wa 42. Ukiambiwa saa 8 asubuhi, hiyo ni saa mbili yetu. Dharura ni namba 911. Matibabu ni ghali mno, na kusafiri bila bima ya safari ni kucheza kamari na mali ya ukoo.

Kwa matembezi, karibu na Battery Park wapo wauzaji wa tiketi za meli za Sanamu ya Uhuru zisizofika kisiwani. Anayetaka kuiona tu apande kivuko cha Staten Island, ambacho ni bure tangu 1997 na hupita jirani nayo. Waislamu watapata msikiti mkubwa Mtaa wa 96 na Third Avenue. Vyakula vya Afrika Magharibi viko Mtaa wa 116, Harlem.

Mahali ambapo Mwafrika asipapite ni makaburi ya Waafrika, Mtaa wa Duane. Yaligunduliwa 1991 wakati wa ujenzi wa jengo la serikali. Mabaki ya watu 419, walio huru na watumwa, yakazikwa upya 2003. Kiingilio ni bure. Ukumbi wa ndani haufunguliwi kila siku, na mizigo hukaguliwa kama uwanja wa ndege, hivyo begi kubwa libaki hotelini.