Pedi za breki za baiskeli: zipi zinafaa milima ya Kasulu na Kibondo?

Msikilizaji, ukishuka kutoka Heru Juu na mikungu ya ndizi kwenye keria, kinachokuzuia usiishie mtaroni ni vipande vidogo visivyozidi upana wa kizibo cha soda. Hizo ndizo pedi za breki, kwa wale wenye baiskeli za gia zenye diski. Ile Phoenix ya mzee hubana rimu kwa raba, na habari yake ni nyingine. Kwenye diski, pedi mbili hubana sahani ya chuma iliyo katikati ya gurudumu, moja kila upande.

Kazi ya pedi ni kugeuza mwendo kuwa joto. Chukua baiskeli, mtu na mzigo, jumla kilo 150. Wakishuka mteremko wenye kimo cha mita 100 na breki ikabeba kazi yote, joto linalotoka linatosha kuchemsha karibu nusu lita ya maji. Sasa fikiria safari ya kutoka nyanda zetu hizi, zilizo juu ya mita 1,200, hadi Ziwa Tanganyika lililo kwenye mita 770 hivi. Lami ya barabara ya Kabingo, Kasulu hadi Manyovu nayo inaongeza kasi: pale changarawe ilipokuwa ikikupunguza mwendo, sasa breki iko peke yake.

Dukani utakuta pedi za aina mbili kuu. Zilizoandikwa Resin au Organic ni laini. Hushika vizuri tangu mwanzo, hazipigi kelele sana, lakini zikipata moto mkali hulegea, na tope huzila haraka. Zilizoandikwa Metallic au Sintered zimetengenezwa kwa unga wa chuma uliogandamizwa kwa joto. Hizi huvumilia moto na tope na hudumu zaidi, ila hupiga kelele zikilowa na hula diski kuliko zile laini. Semi-metallic iko katikati.

Kwa anayebeba mkaa, mihogo au abiria kipindi cha mvua, kuanzia mwishoni mwa mwaka hadi Aprili au Mei, mimi ningechagua za chuma bila kusita. Anayekwenda shuleni au sokoni bila mzigo, hasa kiangazi, za laini zinamtosha. Lakini kabla ya kulipa, chungulia diski yako. Ikiwa imegongwa maneno Resin Pad Only, chuma chake ni laini na pedi za chuma zitaimaliza mapema. Baiskeli nyingi za bei nafuu zina diski za namna hiyo. Hapo ama unabadilisha na diski, ama unabaki na pedi laini na kuzikagua mara kwa mara.

Umbo nalo si la kubahatisha. Kila breki ina pedi zake, na mbili zinazofanana kwa macho zinaweza kukataa kuingia, au zikaingia na kucheza. Ng'oa ya zamani, nenda nayo dukani, ulinganishe umbo na tundu la pini. Nunua jozi pamoja na springi yake, wala usiweke mpya upande mmoja na kuukuu upande wa pili.

Wako wanaofungua breki ya mbele wakiogopa kupinduka. Mzigo ukiwa nyuma, breki ya nyuma husaidia sana, kweli, lakini kuiachia mteremko mzima peke yake ni kuichoma. Bana zote mbili, achia kidogo, bana tena. Diski ikiwa ya moto usiimwagie maji, inaweza kupinda. Simama kivulini ipoe.

Breki ikilia, usikubali mtu aitie mafuta. Tone moja likiingia kwenye pedi, breki inateleza, na mara nyingi pedi hiyo ni ya kutupa. Diski isafishe kwa spiriti na kitambaa safi. Mafuta ya taa na dizeli huacha utando.

Kagua pedi kila wiki kipindi cha tope. Sehemu inayosugua, mbali na bati lake la nyuma, ikibaki chini ya milimita 1, badilisha. Ukingoja bati ligusane na diski, utanunua vyote viwili. Diski nyingi huwa na unene wa milimita 1.8 zikiwa mpya na hubadilishwa zikifika 1.5, kipimo hicho mara nyingi kimegongwa kwenye diski yenyewe.

Pedi mpya hazishiki vizuri siku ya kwanza. Tafuta barabara tambarare, endesha kwa kasi ya wastani, bana taratibu hadi mwendo wa mtu anayetembea, kisha achia kabla ya kusimama kabisa. Rudia kama mara 20 kwa kila breki, bila mzigo, kabla ya kuushika mteremko wowote.