Usaili wa kazi Pwani Kusini: Adabu inaposomwa kama udhaifu

Kijana wa Msambweni ameitwa kwa usaili wa kazi ya uhudumu katika hoteli moja ya Diani. Anaingia akiwa nadhifu, anaamkia, anasubiri aambiwe aketi. Akiulizwa swali anainamisha macho, ananyamaza kidogo, kisha anajibu kwa sauti ya chini na maneno machache. Akiulizwa kama ataweza kufika kazini alfajiri, anajibu: "Inshallah." Kwao, huo ndio mwenendo wa kijana aliyelelewa akaleleka. Katika karatasi ya msaili, huenda yakaandikwa maneno matatu: hajiamini, hana hakika.

Hali hiyo hutokea popote ambapo anayeomba kazi na anayeitoa wamelelewa kwa desturi mbalimbali. Katika Kaunti ya Kwale hutokea mara nyingi, kwa kuwa meza moja ya usaili yaweza kuwakutanisha meneja kutoka Ulaya, afisa wa wafanyakazi kutoka bara na mwombaji Mdigo au Mduruma.

Waajiri wageni, vijana wenyeji

Hoteli za Diani zimepokea Wajerumani, Waingereza, Waitaliano na Waswisi kwa miongo mingi, kama wageni na pia kama wawekezaji na mameneja. Kampuni ya Base Titanium, iliyokuwa chini ya Base Resources ya Australia, ilianza kuzalisha madini ya titani Kwale mwishoni mwa 2013 na kusimamisha uchimbaji Desemba 2024. Mgodi ulipofika kikomo, watu waliozoea taratibu za mwajiri mmoja walilazimika kukabili wasaili wapya.

Suala la nani anapata kazi Pwani si dogo. Ghasia za Likoni za Agosti 1997 zilikuwa na mkono wa siasa, lakini waliowachochea vijana walitumia malalamiko yaliyokuwapo tayari, kwamba ardhi na ajira zilikuwa mikononi mwa watu wa kutoka nje. Kijana anayekataliwa bila kuelezwa sababu huenda akaamini kuwa amekataliwa kwa kabila au dini yake, hata pale ambapo kosa lilikuwa ni macho yaliyosomwa visivyo.

Macho na kimya

Katika malezi ya Pwani, kumkodolea macho mkubwa ni utovu wa adabu. Ulaya Kaskazini na Australia, anayekwepa kutazama hudhaniwa kuwa anaficha jambo. Dhana hiyo imeenea kuliko watu wanavyofikiri. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2006, uliowauliza watu wa nchi 58 jinsi wanavyomtambua mwongo, ulipata jibu moja likiongoza: mwongo hakutazami machoni. Hata hivyo, Charles Bond na Bella DePaulo walipokusanya matokeo ya tafiti nyingi mwaka huohuo, walikuta kwamba watu hutofautisha ukweli na uongo kwa usahihi wa asilimia 54 tu, ilhali kubahatisha kungewapa asilimia 50. Macho, kwa hiyo, ni shahidi dhaifu.

Kimya nacho kina maana zaidi ya moja. Mwombaji hutua kabla ya kujibu ili kuonyesha kwamba swali amelipa uzito. Msaili aliyezoea majibu ya papo hapo huona kwamba jibu halipo, akaharakisha swali la pili, na mwombaji naye akaona amekatizwa. Sentensi moja huondoa shaka: "Naomba nifikiri kidogo kabla ya kujibu."

Kipo pia kipimo cha umbali kati ya mkubwa na mdogo. Mtaalamu wa Uholanzi, Geert Hofstede, aliyechapisha mwaka 1980 uchunguzi wake wa wafanyakazi wa kampuni ya IBM, aliipa Afrika Mashariki alama 64 katika kipimo hicho, Ujerumani na Uingereza 35 kila moja, na Australia 36. Alama kubwa huashiria kwamba watu wamezoea mkubwa aamue na mdogo asikilize. Wastani wa nchi haumwelezi mtu mmoja mmoja, lakini husaidia kufahamu kwa nini meneja anayetaka kubishiwa kidogo hukutana na mwombaji anayekubali kila neno.

Chema chajiuza

"Chema chajiuza, kibaya chajitembeza," hunena wahenga, na anayeamini methali hiyo huona haya kujisifu. Usaili humtaka afanye hasa hilo. Akieleza kazi aliyoifanya, husema "tulipika", "tulihudumia", hata pale ambapo yeye ndiye aliyebeba mzigo wote. Msaili wa kigeni hubaki akijiuliza: huyu mwenyewe alifanya nini?

Njia ya kukwepa majivuno ni kutaja kazi badala ya sifa. Kusema "mimi ni hodari" ni kujisifu. Kusema "nilihudumia meza kumi kila jioni kwa misimu miwili" ni kutoa habari. Vilevile, ombi la "tueleze habari zako" katika usaili haliulizi mtu ni mwana wa nani na wa mlango gani, mambo ambayo barazani yangetangulia. Huuliza amefanya kazi gani, wapi, na kwa muda gani.

Neno "Inshallah" nalo hupotosha. Kwa asemaye ni ahadi yenye unyenyekevu; kwa asiyelizoea huonekana kama njia ya kukwepa. Mwombaji hahitaji kuliacha. Akisema, "Inshallah, nitafika saa kumi na moja na nusu, basi la kwanza litanifikisha," imani yake imebaki na ahadi yake imeeleweka.

Mkono na saa

Mwanamke wa Kiislamu asiyempa mwanamume mkono hana nia ya kumdharau. Kuweka mkono kifuani, kuinamisha kichwa na kutamka salamu kwa uchangamfu hutosha, na msaili mwenye busara humwachia mgeni wake achague namna ya kusalimiana.

Saa huleta hasara isiyotazamiwa. Meneja anayejifunza Kiswahili huweza kusema "njoo saa nane" akikusudia mapema asubuhi, kwa kuhesabu kama Waingereza, na mwombaji akafika alasiri, saa sita baadaye. Ni vyema pande zote mbili zitaje asubuhi au alasiri na kuthibitisha kwa maandishi.

Ishara za upande wa pili

Mwombaji naye husoma vibaya. Meneja anayeandika huku akisikiliza hajachoka, anaweka kumbukumbu. Anayeingia kwenye maswali bila kuulizia hali ya nyumbani hajamdharau mtu. Kwao ndiko kuheshimu wakati wa mwenzake. Tabasamu na maneno "tutawasiliana" si ahadi ya kazi. Swali la mwisho, "una swali lolote?", linataka jibu: anayesema "sina" huonekana hana hamu. Kuulizia zamu, mafunzo au siku ya kutolewa kwa matokeo si ujeuri.

Hata Kiswahili chenyewe hugawanya. Amri kavu ya "lete cheti", ambayo kwa afisa wa bara ni mazungumzo ya kawaida, humchoma aliyezoea "naomba nikitazame cheti chako". Upole wa usemi wa Pwani nao husomwa kama uvivu, tuhuma ambayo vijana wengi wa Kwale wameisikia tangu utotoni.

Sheria inasemaje

Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 inamkataza mwajiri kumbagua mtu kwa misingi ya dini, lugha, jinsia, rangi au asili ya kikabila, na ulinzi huo unamfikia pia anayeomba kazi. Mwajiri akishtakiwa, ni juu yake kuthibitisha kwamba hakubagua. Sheria hiyohiyo inamruhusu kutaka sifa ambazo kazi yenyewe inazihitaji: hoteli yaweza kudai Kijerumani kwa mpokea wageni anayewahudumia Wajerumani, lakini ni vigumu kukidai kwa mtunza bustani.

Kupunguza makosa

Mwaka 2022 Paul Sackett na wenzake walitathmini upya tafiti kuhusu njia za kuajiri, kwa kipimo ambacho 0 ni kubahatisha na 1 ni utabiri kamili wa utendaji kazini. Usaili uliopangwa, ambapo waombaji wote huulizwa maswali yaleyale na kupewa alama kwa vigezo vilivyowekwa mapema, ulipata 0.42. Mazungumzo yasiyopangwa, ambamo msaili hufuata hisia zake, yalipata 0.19.

Kwa hoteli ya Diani, maana yake ni nyepesi. Anayeomba uhudumu apewe sinia na meza aandae. Anayeomba upishi apewe samaki na jiko. Maswali yaandikwe kabla, na mwombaji aelezwe mapema kama anaweza kujibu kwa Kiswahili. Msaili akiona macho yameinama, na aulize swali jingine kabla ya kuandika neno. Kijana wa Msambweni ataondoka na heshima yake, na hoteli itakuwa imeona anavyofanya kazi.