Uangalizi wa Mwalimu Mbele ya Sheria

Msomaji, kila asubuhi uingiapo darasani, mzazi wako amekwisha kukukabidhi kwa mtu mwingine. Makabidhiano hayo hayatiwi sahihi, lakini sheria yayatambua. Ukiumia shuleni, mahakama haitosheki kujua kwamba umeumia. Hutaka kujua kama aliyekabidhiwa alikuangalia ipasavyo. Asipokuangalia hivyo, kosa lake huitwa uzembe.

Kipimo cha uangalizi huo kilitoka Uingereza. Usistaajabu, kwa kuwa sheria ya mwaka 1967 kuhusu kazi za mahakama za Kenya yaziruhusu kufuata kanuni za mahakama za Uingereza, kwa kadiri hali ya nchi na watu wake inavyokubali, na tarehe iliyotajwa humo ni 12 Agosti 1897. Miaka minne kabla ya tarehe hiyo palikatwa hukumu ambayo walimu hawajaisahau.

Katika shule moja mwalimu mkuu alikuwa na chupa ya fosforasi, kitu chepesi kushika moto. Chupa iliwekwa mahali ambapo wavulana waliweza kuifikia. Wakaifikia, wakaichezea, ikalipuka na kumwunguza mwanafunzi. Mwalimu alidaiwa fidia akashindwa. Lord Esher, mmoja wa majaji wa rufaa, alisema kwamba mwalimu hana budi kuwaangalia wanafunzi wake kama baba mwangalifu awaangaliavyo wanawe, tena akumbuke tabia ya watoto ya kugusa kila kilicho karibu nao. Angalia jambo hili vizuri. Utundu wa mtoto haukuwa udhuru wa mwalimu. Ulikuwa ndio sababu ya kumtaka awe macho. Mimi naona hekima katika neno hilo, ijapokuwa ni zito kwetu sisi tufundishao.

Lakini baba gani ana watoto arobaini wa rika moja? Mwaka 1962 jaji mwingine alikirekebisha kipimo hicho, akasema mwalimu alinganishwe na mzazi aliye shuleni wala si nyumbani.

Daawa iliyo ngumu kuliko zote, kwa maoni yangu, ni ile ya Carmarthenshire, huko Wales. Mwalimu wa shule ya watoto wadogo alikuwa tayari kuwatembeza watoto wawili. Akawaacha darasani kwa muda mfupi. Kabla hajarudi akamkuta mtoto mwingine ameanguka na kujeruhiwa, akashughulika kumtibu. Zilipita dakika kama kumi. Mmoja wa wale wawili, mtoto wa miaka minne, alitoka darasani, akapita langoni, akafika barabara kuu. Dereva wa lori alimwona, akakata usukani ili asimkanyage, akagonga nguzo, akafa. Mtoto alipona.

Mjane wa dereva akadai fidia. Mahakama mbili za kwanza zilimpa haki, zikamwona mwalimu kuwa mzembe. Mwaka 1955 shauri lilifika kwa Baraza la Mabwana, lililokuwa mahakama ya mwisho ya Uingereza wakati ule. Mabwana wengi walikataa kumlaumu mwalimu. Je, angemwacha mtoto anayetoka damu ili awahi kuwatazama wawili wasio na dhara? Mzazi mwema angefanya vile vile.

Hata hivyo mjane alishinda. Maana shule ilikuwa mali ya baraza la kaunti, na ulinzi wa watoto hauishii machoni mwa mwalimu mmoja. Mlango na lango navyo ni sehemu ya uangalizi. Mwalimu anaweza kuitwa ghafula, na mwenye shule apaswa kulijua hilo kabla halijatokea. Wala wajibu huo haukuwa kwa mtoto tu, bali na kwa mpita njia awezaye kuponzwa naye. Baraza liliulizwa mtoto mdogo kama yule alitokaje kwa wepesi hadi barabarani, na jibu la kutosha halikupatikana. Basi baraza ndilo lililoamriwa kulipa.